Penang sio michoro ya ukutani: uzi wa misosi na mitaa ya George Town, Malaysia

Mgosi_Ughaibuni

Wakuu salaam. Kila mtu akiuliza humu kuhusu Malaysia majibu ni yale yale, minara pacha ya Kuala Lumpur (KL), kasino ya Genting mlimani, shopping mtaa wa Bukit Bintang, basi, utadhani nchi nzima ni hivyo tu. Mimi niko huku kikazi na nikipata wikendi ndefu sikai KL hata kwa dawa, napanda treni naenda Penang kula. Nasema kula, sio kutalii, maana ule mji ukiuingia kwa gia ya kutalii utarudi na picha za michoro ukutani na jezi ya "I love Penang" na utakuwa hujafika.

Kwanza tuelewane jiografia. Penang ni jimbo, lina kisiwa na lina kipande cha bara. Mji wenyewe unaitwa George Town, uko kisiwani, unaangaliana na bara. Mwingereza mmoja Francis Light wa ile kampuni ya East India ndo aliuanzisha 1786 akaupa jina la mfalme wao George wa Tatu, na akaufanya bandari isiyotoza ushuru, sasa nani ataacha bandari ya bure? Wakamiminika Wachina wa Fujian na Guangdong, Watamil Waislamu kutoka India kusini, Waacheh wa Sumatra, Waarabu wa Hadhramaut, Waburma, mpaka Waarmenia. Kila kundi likashika mtaa wake na likaja na sufuria lake. Mtaa wa Armenian upo, Lebuh Acheh (lebuh kwao ni mtaa) upo, Lebuh Chulia upo, mpaka leo. 2008 UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia pamoja na mji wa Melaka na hapo ndo watalii wakafunguka.

Kufika ni rahisi mno. Stesheni ya KL Sentral unapanda ETS, treni yao ya umeme, mpaka Butterworth upande wa bara, masaa kama manne hivi, kiti kizuri, AC inapuliza mpaka unatafuta koti. Ukishuka Butterworth usidandie Grab (teksi ya app, kama Bolt) ikuvushe darajani (daraja lipo tangu 1985, kilomita 13 na nusu), fuata watu, kuna njia ya juu yenye paa inakupeleka mpaka kwenye feri. Nauli hela ndogo tu na ni mwendo wa kama Kigamboni ila ndefu kidogo, unasimama na upepo unaona mji unakuja, nyumba za vigae mbele, lile ghorofa refu la Komtar nyuma. Ukishuka uko Pengkalan Weld, mji mkongwe unaanzia hapo hapo ukivuka barabara.

Sasa kanuni ya Penang ni moja, na ndo sababu ya huu uzi: KILA CHAKULA KINA SAA YAKE NA KINA MTU WAKE. Huku muuza chakula wa barabarani hana menyu. Anapika kitu kimoja, amekipika tangu kijana, pengine baba yake alikipika hapo hapo, na kikiisha anafunga anaondoka hata kama foleni imefika barabarani. Kwa hiyo mtu anayelala mpaka saa nne asubuhi, akaanza na picha, akaja kukumbuka tumbo saa tisa alasiri, anakula chakula cha watalii kwenye kafe yenye AC na kutuambia Penang ya kawaida tu. Lazima ya kawaida.

Naja na asubuhi.

Mama_Kachori

Nimeweka kambi. Ila uzi bila picha mkuu unajua sheria.

Mgosi_Ughaibuni

Picha nitaweka, ila nikila simu sishiki, nikiwa na sahani mikono miwili inakuwa kazini.

ASUBUHI. Saa moja, saa moja na nusu, nenda Jalan Transfer (jalan ni barabara). Pembeni ya barabara kabisa wamepanga meza na viti vya plastiki, magari yanapita karibu na kiwiko chako. Hapo ni roti canai. Jamaa ana donge la unga limelala kwenye mafuta tangu usiku, analibonyeza kwenye meza ya chuma, analishika ncha mbili analirusha, linazunguka hewani linapanuka linapanuka mpaka unaona mwanga upande wa pili, halafu analikunja linaingia kikaangoni. Likiiva analitoa, analipiga kwa viganja viwili kutoka pembeni, paa paa, ili zile tabaka ziachiane. Hiyo kupiga ndo siri, asiyepiga anakupa ngozi ya viatu. Juu yake wanamwaga mchuzi wa kuku au wa ng'ombe, unaagiza na yai nusu bichi ukitaka. Ringgit mbili hivi moja tupu, ya nyama juu kidogo. Ringgit moja weka kama shilingi 600 za kwetu, Wakenya kama 30 zenu.

Na teh tarik. Chai ya maziwa ya kopo yale mazito, inamiminwa kutoka kikombe cha juu mpaka cha chini, juu chini juu chini, mpaka inatoa povu. Inakuja tamu mpaka meno yanalia, kwa hiyo kama unajipenda sema "kurang manis", watapunguza sukari.

Kama hutaki mchuzi asubuhi basi ingia kopitiam, ile migahawa ya kahawa ya Wachina. Pale Lebuh Campbell kuna kichochoro jamaa wanachoma mkate kwenye pipa la chuma lenye mkaa, wanaitwa Toh Soon, unapakwa kaya ambayo ni jemu ya mayai na tui la nazi, na kahawa nyeusi ambayo buni yake imekaangwa pamoja na sukari na siagi. Utakaa na mzee anasoma gazeti na hatakuangalia.

Chapo_Ndengu254

Mazee hiyo roti canai si ni chapo tu? Sisi tutoke Nairobi masaa yote hayo tukule chapo na soup?

Mgosi_Ughaibuni

Boss ni binamu yake, asili ni India kama yenu, ila hii haisukumwi na kibao, inarushwa, na samli yake ni nyingi kuliko dini inavyoruhusu. Kula mbili halafu urudi hapa tuongee.

Bint_Mkunazini

Mie nauliza la muhimu, halali vipi huko? Maana nasikia Penang Wachina wengi.

Mgosi_Ughaibuni

Dada swali zuri. Penang Wachina ni wengi kweli kulinganisha na majimbo mengi ya Malaysia, na chakula chao kingi cha barabarani kina mafuta ya nguruwe hata pale usipoiona nyama yenyewe. Fanya hivi: kwa mamak, yaani Waislamu wa Kitamil, na kwa Wamalay, kula bila wasiwasi. Kwingine tafuta nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Ukiona bango limeandikwa "pork free" hilo sio halali, ni kwamba hakuna nguruwe tu, kuku hujui kachinjwaje. Na kwenye vile viwanja vya chakula vya pamoja kama Gurney Drive na Padang Kota Lama mara nyingi wamegawa, upande wa Waislamu na upande wa wengine, na vyombo hawachanganyi, ukichukua sahani upande mmoja ukaenda kukaa upande mwingine utasikia kelele.

Hutakosa kitu nakuhakikishia. Karibu nusu ya ninachokiandika humu ni cha mamak.

Kitimoto_FC

Na sisi wa upande wa pili tusisahaulike mkuu 😂

Mgosi_Ughaibuni

Zamu yenu jioni, tulia.

MCHANA. Jua la saa sita huku halina utani, na unyevu kama wa Tanga mwezi wa pili. Hapo ndo unatafuta asam laksa, kwa sababu ni chakula cha kukutoa jasho mpaka upoe.

Hii nataka niielezee vizuri maana watu wengi wanaijua laksa ile ya tui la nazi ya Singapore na wakifika Penang wanashangaa. Ya Penang haina tui. Ni samaki, wale wale vibua wa kwetu, wanachemshwa, wanachambuliwa nyama, mifupa inatolewa, nyama inarudi kwenye supu yenye ukwaju, mchaichai, pilipili na ua la tangawizi pori ambalo harufu yake sijaipata kwenye kitu kingine chochote. Muuzaji anaweka tambi nene nyeupe za mchele kwenye bakuli, anamwaga supu ya moto, anaimwaga tena irudi sufuriani, anamwaga tena anarudisha, mpaka tambi zishike moto, ndo anakuwekea supu ya kukaa. Juu nanasi, tango, kitunguu, majani ya nanaa. Halafu pembeni kijiko kina kitu cheusi kizito kinanuka, hiyo ni hae ko, uduvi umepikwa mpaka ukawa kama lami. Usiiogope, ikoroge yote. Bila hiyo ni supu ya samaki chachu, ikishaingia ndo laksa. CNN 2011 walipanga vyakula 50 vitamu duniani wakaiweka ya saba, wenyeji mpaka leo wanaona waliibiwa namba moja.

Wengi wanaifuata Air Itam, basi namba 204 linakupeleka, hilo hilo linaendelea mpaka stesheni ya Bukit Bendera ambako kuna kile kitreni kinachopanda mlima, kipo tangu miaka ya 1920. Na hapo hapo Air Itam kuna Kek Lok Si, hekalu la Wabudha lililoanza kujengwa miaka ya 1890, limepanda kilima lote na juu lina sanamu ya shaba ya Kuan Yin, mungu wao wa kike wa huruma, mita 30. Panda, ni zuri. Ila laksa kwanza.

Ukirudi mjini pitia Penang Road, kuna kichochoro kinaitwa Lebuh Keng Kwee, utaona watu wamesimama wameshika vibakuli, hapo ni cendol tangu 1936. Barafu iliyosagwa, tui la nazi bichi, sukari ya mnazi iliyoyeyushwa, maharage mekundu na vile viuzi vya kijani vya unga na rampe. Hakuna kukaa, unakunywa umesimama umebanana na watu, unarudisha bakuli.

Yakhe_wa_Ng'ambo

Rampe! Sie Unguja rampe twatia kwenye maua ya harusi na kwenye nguo, wao wala?

Mgosi_Ughaibuni

Shehe wanatia kila kitu, wali, keki, kuku wanamfunga ndani ya majani yake wanamkaanga. Na sio rampe tu. Msimu wa mwezi wa sita, wa saba, huku kuna shokishoki mpaka zinamwagwa, fenesi, na doriani.

Yakhe_wa_Ng'ambo

Doriani hiyo hata usiniambie, nna watoto hapa Muscat wanaziba pua nikiipata. Yao ikoje?

Mgosi_Ughaibuni

Nenda Balik Pulau, upande wa pili wa kisiwa, nyuma ya mlima, basi 401E. Huko ni mashamba. Wao wana majina kwa kila aina kama tunavyotofautisha embe dodo na bolibo, kuna moja wanaita Ang Heh, kamba mwekundu, nyama yake inaelekea rangi ya chungwa. Wanakuuliza unataka tamu au chungu. Chungu ndo ya wajuzi, ina ukali kwa mbali kama pombe. Wanakufungulia hapo hapo kwa panga, unakula chini ya mti, maana hoteli zote zimebandika alama ya kukataza doriani na wanakutoza faini kweli.

Na huko Balik Pulau wanalima kungumanga. Sisi kwetu tunajua ile mbegu ya pilau na ya uji wa wazazi, lile ganda la nje la tunda tunatupa. Huku wanalikata wanatengeneza juisi, ina ubaridi fulani unapanda puani, na nyingine wanaloweka kwenye sukari wanauza kwenye pakti. Mimi nimekulia Muheza, viungo vya Amani vinashuka mlimani kila siku ya gulio, na sijawahi kuona mtu anakunywa kungumanga. Aliyeko Tanga mwenye mtaji afikirie hili, sitaki hata asilimia.

Bwana_Takwimu

Mleta uzi unapamba sana. Mimi nimefika George Town, ni mji wa watalii tu, kila mlango kafe, kila kafe cappuccino, pale kwa yule mtoto wa baiskeli ukutani foleni ya kupiga picha. Bora Ipoh au Melaka.

Mgosi_Ughaibuni

Melaka unaniambia bora mkuu? Ule mtaa wao wa Jonker Street Jumamosi usiku huwezi hata kugeuza shingo.

Ila hoja yako ina ukweli na tuiweke sawa. Ile michoro ni ya kijana Mlithuania Ernest Zacharevic, alichora 2012 wakati wa tamasha la mji, watoto wawili kwenye baiskeli halisi iliyogongomewa ukutani Lebuh Armenian, na kijana kwenye pikipiki Lebuh Ah Quee. Ni kazi nzuri, ila wengine wakaiga na sasa kuna paka kila ukuta.

Lakini mji kubadilika hakukuanza na michoro wala UNESCO. Kulikuwa na sheria ya 1966 ya kudhibiti kodi za nyumba za zamani, fundi viatu, mshonaji, mchonga mbao, familia tatu juu ya duka moja, wote wakilipa hela kidogo. Ikafutwa, muda wa mpito ukaisha na kuanzia 2000 kodi zikawa za soko. Watu wakahama kwa wingi, mitaa ikabaki milango imefungwa. Kwa hiyo ile kafe ya cappuccino imekuja kukaa kwenye nyumba iliyokuwa tupu tayari. Waliobaki ni wenye nyumba zao, wenye nyumba za koo, na misikiti na mahekalu yenye wakfu. Ndo maana ukitaka mji wenyewe fuata hao, usifuate michoro.

Mnaotaka njia, ile ninayotembea mimi alasiri jua likishalegea ni hii:

Anzia Jalan Masjid Kapitan Keling. Barabara moja hiyo, juu kuna kanisa la St. George la Waanglikana la mwanzoni mwa karne ya 19, unashuka kidogo hekalu la Kuan Yin moshi wa udi unakuchoma macho, mtaa wa nyuma hekalu la Wahindu la Mahamariamman la 1833, unashuka tena msikiti wa Kapitan Keling uliojengwa na Watamil Waislamu 1801. Hakuna kibao kinachokwambia uvumilivu wa dini ni mzuri, watu wanaenda tu kwao. Zunguka hapo ndani uone Little India, Lebuh Pasar, muziki unapiga kila duka, sambusa, jilebi, sari, vyombo vya chuma.

Halafu ingia Lebuh Acheh. Yakhe huu mtaa ni wako. Msikiti wake ni wa 1808, alijenga Tengku Syed Hussain, mfanyabiashara kutoka Acheh mwenye asili ya Hadhramaut, ukoo wa Al-Aidid. Enzi za meli, mahujaji wa kaskazini ya Malaya na sehemu za Sumatra na Siam ya kusini walikusanyika hapa kusubiri meli ya Jeddah, mtaa mzima ulikuwa nyumba za kulaza mahujaji, maduka ya vitabu, mawakala wa tiketi, wakauita Jeddah ya pili. Mnara wake una tundu la duara na wanasema ni la mzinga, kwenye vurugu za 1867 vyama vya siri vya Wachina na vya Wamalay na Watamil vilipogawana kambi mbili zikapigana siku kumi mjini. Mtaa wa pembeni mpaka leo unaitwa Cannon.

Yakhe_wa_Ng'ambo

Mashallah. Washihiri, hao Waarabu wa Hadhramaut, kila bandari wamo, Lamu wamo, Unguja wamo, Acheh wamo. Babu yangu mzaa mama alikuwa na karatasi ya nasaba ndefu kama zulia. Nasali hapo inshallah nikijaaliwa.

Mgosi_Ughaibuni

Amin shehe. Ua wa msikiti ni mpana, una kivuli, wazee wanakaa baada ya alasiri, ukisalimia kwa Kiarabu utaulizwa kwenu wapi na hutaondoka upesi.

Hapo Cannon ingia uchochoro uone Khoo Kongsi, nyumba ya ukoo wa Khoo. Ile ya kwanza iliungua 1901, wenyewe husema ilikuwa na fahari mno mpaka mbingu ikaona wivu, wakajenga hii ikaisha 1906, wakaipunguza makuu kidogo. Imepunguzwa hivyo hivyo na bado paa lina madragoni mpaka hujui pa kuangalia.

Maliza na jeti za koo pale Pengkalan Weld. Nyumba za mbao juu ya nguzo baharini, kila ukoo na gati lake, Lim, Tan, Lee, Yeoh, na Chew ambayo ndo kubwa. Chew imeshakuwa soko la sumaku za friji, nakubaliana na Bwana Takwimu, ila sogea jeti ya jirani, utakuta bibi anaanika uduvi mlangoni na runinga imewashwa ndani. Usichungulie madirisha. Watu wanaishi, na usiku wanataka wageni watoke.

Na katika kutembea, tumia vibaraza. Maduka ya zamani yote yana kibaraza mbele chenye paa, kinaunganika duka kwa duka, kinakukinga jua na mvua. Shida wenyewe wameegesha pikipiki, wameweka majiko, wamepanga viti, kwa hiyo unatembea unaingia unatoka barabarani. Kuna basi la bure pia la CAT linazunguka mji mkongwe, likija panda.

Kitimoto_FC

Mkuu jioni imefika 👀

Mgosi_Ughaibuni

Sawa sawa. Char koay teow. Kwenu nyie wa upande wa pili nendeni Siam Road, alasiri mpaka jioni, mkae foleni. Karai la chuma, jiko la MKAA sio gesi, na sahani inapikwa moja moja. Hicho ndo kinachofanya foleni haisogei. Mafuta yanaingia, vitunguu saumu, tambi pana za mchele, soya sosi, anasukuma pembeni anapasua yai, kamba, kombe wadogo wabichi karibu, machipukizi ya choroko, majani ya kitunguu (chives), anageuza geuza moto unaingia mpaka ndani ya karai, na unatoka na ile harufu ya moshi ambayo ukipikia nyumbani huipati hata ufanyeje. Sahani ndogo, ringgit 8 mpaka 12 kutegemea na sehemu na ukubwa wa kamba. Wale wa halali msilie, wapo Wamalay na mamak wanaipika, Padang Kota Lama mtaipata, hawatii mafuta ya nguruwe, baadhi wanaweka yai la bata ambalo binafsi naona linashinda.

Hapo hapo Padang Kota, pembeni ya bahari karibu na ngome ya Cornwallis, agiza pasembur, unachagua vikaangwa mwenyewe, bagia, tofu, ngisi, wanakatakata wanaweka tango na kumwagia mchuzi mzito mtamu wa viazi vitamu na karanga. Angalieni hapo, ukichagua kwa pupa bei inaruka bila kukuaga.

USIKU sasa. Nasi kandar. Hiki ndo chakula nakipandia treni, vingine ni nyongeza.

Zamani Watamil walizunguka mitaani na bandarini na wali na michuzi kwa mzegamzega begani, wakiwauzia makuli. Sasa wana migahawa, Hameediyah pale Lebuh Campbell wapo tangu 1907, Line Clear wako kwenye uchochoro Penang Road, na kuna ile ya pembeni ya msikiti wa Kapitan Keling inayoitwa Beratur, maana yake foleni, nadhani hawakuhangaika kutafuta jina.

Unasimama mbele ya masufuria. Jamaa anakuangalia tu. Unanyoosha kidole: kuku wa kukaanga, bamia nzima zilizochemshwa, ini, yai la kuchemsha kwenye mchuzi, ngisi, kichwa cha samaki kama una ujasiri. Anatia wali, anapanga, halafu inakuja sehemu yenyewe, upawa unaingia sufuria la mchuzi wa samaki unamwagwa juu, unaingia wa kuku unamwagwa, unaingia wa ng'ombe, unaingia ule mweusi mtamu mtamu, yote kwenye wali mmoja. Ukitaka mafuriko mwambie "banjir" atamwaga mpaka sahani iombe msamaha. Mwanzo akili inakataa, mbona kachanganya. Kula kwa mkono, mkono wa kulia, sinki ziko ukutani, na kadiri unavyokula kila tonge lina ladha yake kwa sababu michuzi haijakorogwa, imekutana tu.

Bei anaitaja kwa kuangalia sahani sekunde mbili. Kuku na bamia ringgit 10 mpaka 15. Kamba wakubwa, ngisi na mayai ya samaki uliza bei KABLA hajayatia.

Chapo_Ndengu254

Wueh. Nimekula ugali sukuma nikisoma hii na nimejiskia vibaya. Swali, hao wapishi ni wenyeji ama ni wahamiaji? Hapa Gulf kila mpishi wa chakula cha wenyewe ametoka kwingine.

Mgosi_Ughaibuni

Jimbo lilipitisha kanuni, tangu 2016 mgeni haruhusiwi kuwa mpishi mkuu kwenye vibanda vya vyakula vyao vya asili, anaweza kuosha vyombo, kukata, kubeba, karai ashike mwenyeji. Walisema ladha inapotea. Watu walibishana sana, wengine wanaona ni ubaguzi hasa kwa Wabangladesh na Waindonesia wanaofanya kazi ngumu humo humo. Mimi nina utata nayo, mamak mwenyewe babu yake alishuka melini na mzegamzega, hakuwa mwenyeji. Ila watoto wa wauzaji wengi hawataki kusimama kwenye moto wamesoma, na hilo kanuni haitibu.

Mama_Kachori

Na sisi weusi tunapokelewaje? Niambie ukweli usinipambie.

Mgosi_Ughaibuni

Ukweli: watakuangalia. Wazee watakuuliza Nigeria? Ukisema Tanzania wanasema ooh simba. Madereva wengine wa Grab wakiona jina na picha wanaghairi, inatokea. Kupanga nyumba ndo kugumu zaidi, mgeni wa siku chache hata hutahisi hilo. Kwenye chakula lakini sijapata shida, mtu akikuona unakula kwa mkono na unavuja jasho hukomi anakuletea mchuzi wa nyongeza. Pasipoti tembea nayo au kopi yake, polisi wakisimamisha wanataka kuiona. Na kabla hujasafiri jaza ile kadi ya kidijitali ya kuingilia, MDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika, ni bure, tovuti ikikuomba hela hiyo sio yenyewe. Kadi ya homa ya manjano iwe kwenye begi.

Bint_Mkunazini

Ahsante kaka. Mie na mume wangu tunapita KL mwezi wa saba, tuna Jumapili mpaka Jumanne. Inatosha?

Mgosi_Ughaibuni

Dada kama mnaweza sogezeni iwe Jumatano mpaka Ijumaa. Jumapili mji unajaa watu wa KL na Singapore, na wauzaji wengi wa mitaani wanapumzika Jumatatu, wengine Jumanne, mtakuta vibanda vimefunikwa turubai. Laleni maeneo ya Lebuh Chulia au Love Lane, mtafika kila kitu kwa miguu. Mwezi wa saba doriani ipo. Na siku ya treni usimwache mumeo anunue chakula stesheni.

Kitimoto_FC

Picha mkuu.

Mgosi_Ughaibuni

Naweka jioni, zimo za sahani tupu tu.